Saa ya Mraba

Saa iliyonijulisha habari za Alberto Santos-Dumont ilikuwa bandia. Aliileta mteja mmoja wa makamo, ananukia udi, akaiweka juu ya kitambaa cha meza yangu kwa vidole viwili kama mtu anayeweka yai. Imesimama, alisema, tangu wiki ya harusi ya binti yake. Ilikuwa ya mraba, pembe zimelainishwa, tarakimu za Kirumi, na kuzunguka kioo skrubu nane ziko wazi, vichwa vinametameta. Nikabana lenzi jichoni, nikatia bisibisi kwenye skrubu ya kwanza. Haikugeuka. Ya pili, vilevile. Hazikuwa skrubu. Zilikuwa sura ya skrubu iliyogongwa juu ya bati, na ndani mna mashine ya plastiki na betri iliyovuja ikaacha ukoga wa kijani.

Sikumwambia. Nilisafisha, nikatia betri mpya, nikapokea elfu tano yangu, naye akaondoka amekunja mkono wa shati ili saa ionekane. Lakini zile skrubu za uongo zilinikaa rohoni. Hakuna anayejisumbua kuiga skrubu ila kama mahali fulani zipo za kweli, tena zenye heshima yake.

Aliyenifumbua macho ni mteja wangu wa siku nyingi, mzee aliyemaliza utumishi wake wote kwenye mabanda ya kutengenezea ndege. "Hiyo ni saa ya Mbrazili," alisema, "yule aliyekuwa akirudi nyumbani kunywa kahawa kwa puto." Nikadhani ananitania. Wiki iliyofuata akaniletea kitabu kinene kisicho na jalada. Nilikisoma saa ambazo meza haina wateja, na tangu hapo nimekuwa nikiokota habari za mtu huyo kama ninavyookota vipuri, kimoja hapa, kimoja pale. Hatimaye habari zake zikanigusa mahali ambapo sikupenda paguswe.

Alizaliwa tarehe 20 Julai 1873 katika jimbo la Minas Gerais, Brazil. Baba yake, Henrique Dumont, alikuwa mhandisi aliyegeuka mkulima wa kahawa, mwenye shamba kubwa karibu na Ribeirão Preto, kubwa kiasi cha kuwa na reli yake lenyewe. Mtoto aliendesha vichwa vya garimoshi kabla hajaota ndevu. Ila kilichomshika hasa ni mitambo ya kahawa. Aliona kwamba chekeche zinazokwenda mbele na kurudi nyuma ndizo zinazoharibika kila mara, na magurudumu yanayozunguka ndiyo yanayodumu. Tangu utotoni akachukia kitu kinachotikisika. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Fundi yeyote wa saa atakwambia hivyohivyo: gurudumu dogo linaloyumba huku na huku ndilo roho ya saa, na ndilo linalotuletea wateja.

Yeye mwenyewe alisimulia mchezo wao wa utotoni. Wanakaa kuizunguka meza, mmoja anataja: njiwa huruka? Kila mtu ananyanyua kidole. Kunguru huruka? Kidole juu. Mara anatupia mtego: mbwa huruka? Atakayenyanyua kidole analipa faini. Wenzake, kwa kumchokoza, walikuwa wakitaja: mtu huruka? Naye ananyanyua kidole, tena juu kabisa, na anakataa kulipa faini. Sisi watoto wa kisiwa cha Mafia tulikuwa na mchezo wa "nyama, nyama, nyama," na ninajua uchungu wa kutolewa mchezoni kwa sababu umeitikia nyoka kwa pupa. Sikumbuki mtoto yeyote aliyesimama akadai kwamba nyoka ni nyama.

Mwaka 1892 baba yake, aliyekuwa amepooza baada ya kuanguka, alimpa fungu lake la mali mapema, akamwambia aende Paris akajifunze umakanika, asihangaikie riziki. Baba akafariki mwaka huohuo. Kijana akaenda. Mwaka 1898 akatengenezewa puto la hariri ya Kijapani, mita za ujazo 113, dogo hata wenye kazi hiyo wakamwonya kwamba halitambeba mtu. Lilimbeba, alikuwa mfupi, mwembamba. Mwaka huohuo akachukua injini ya baiskeli ya magurudumu matatu akaifunga chini ya puto lenye umbo la sigara, lililojaa haidrojeni. Cheche za moto chini, gesi inayolipuka juu, na mtu katikati amevaa kola ndefu iliyopigwa wanga na kofia. Hapo ndipo ninapompenda na kumwogopa kwa pamoja.

Sasa nifike kwenye siku ambayo mtu wa kazi yangu hawezi kuipita haraka. Tajiri mmoja wa mafuta, Henri Deutsch de la Meurthe, alikuwa ameweka zawadi ya faranga 100,000 kwa atakayeondoka Saint-Cloud kwa chombo cha angani, auzunguke Mnara wa Eiffel na kurudi, kilomita 11, ndani ya nusu saa. Santos-Dumont alikuwa amekwisha jaribu. Julai 1901 aliangukia kwenye miti ya bustani ya tajiri mwingine. Tarehe 8 Agosti puto lake namba 5 lilipasuka juu ya hoteli moja ya Trocadéro, akabaki ananing'inia ukutani mpaka wazima moto walipomtoa kwa kamba. Baada ya ajali ile ya kwanza, Isabel, binti wa mfalme wa Brazil aliyekuwa uhamishoni Paris, yule aliyetia saini sheria ya kufuta utumwa nchini mwake mwaka 1888, alimpelekea medali ya Mtakatifu Benedikto imlinde na ajali. Akaifunga kwenye mkufu mwembamba wa dhahabu, akaivaa mkononi. Watu wa mwambao hatuhitaji kuelezwa. Wangapi wamekuja mezani kwangu na hirizi mkono wa kulia, saa mkono wa kushoto?

Tarehe 19 Oktoba 1901, saa nane na dakika arobaini na mbili mchana, akaondoka na puto namba 6. Dakika tisa baadaye alikuwa ameuzunguka mnara. Wakati wa kurudi upepo ukawa usoni, injini ikataka kuzima, akatoka ndani ya kikapu chake na kuiendea, juu ya paa za watu, akaiamsha. Alipita juu ya mstari dakika 29 na nusu tangu aondoke. Lakini chombo kilikuwa na mwendo, kikapitiliza, ikabidi kigeuke, na kamba ilipodakwa na watu wa chini zilikuwa zimepita dakika 30 na sekunde 40 hivi. Waamuzi wakasema: amechelewa. Umati ukasema: amefika. Mabishano yakaenda majuma mawili, mwishowe akapewa zawadi. Hakuibakiza. Sehemu aliwagawia mafundi wake, nyingine ikaenda kwa maskini wa Paris, na katika hiyo akataka wafanyakazi waliokuwa wameweka rehani zana zao za kazi wakombolewe zana hizo. Mimi niliwahi kuweka rehani lenzi yangu mwaka ambao mke wangu aliumwa. Mtu aliyefikiria msumeno na randa ya seremala iliyofungiwa kwa mwenye rehani, huyo hakuwa tajiri wa kawaida.

Saa ya mraba ilitokana na shida hiyohiyo ya dakika. Mikono yote miwili iko kwenye kamba na usukani; utaichomoaje saa ya mfukoni? Kisa kinachosimuliwa ni kwamba alimlalamikia rafiki yake sonara, Louis Cartier, naye mwaka 1904 akamtengenezea saa ya kuvaa mkononi, bapa, ya mraba, skrubu zake hazikufichwa. Wauzaji husema ndiyo saa ya kwanza ya mkono duniani. Si kweli, wanawake walikuwa wakivaa saa mkononi kabla ya hapo, na askari pia. Ila yeye ndiye aliyeifanya isionekane kitu cha aibu kwa mwanamume.

Yaliyofuata nayapitia mbio. Mwaka 1903 alikuwa na puto dogo, namba 9, analolifunga mbele ya nyumba yake Champs-Élysées na kupanda juu kunywa kahawa. Yule mzee hakunitania. Tarehe 23 Oktoba 1906, katika uwanja wa Bagatelle, ndege yake ya mbawa iliyoitwa 14-bis ilijiinua ikaenda mita 60 mbele ya macho ya watu, na tarehe 12 Novemba ikaenda mita 220 kwa sekunde 21 na nusu. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walikuwa wameruka Desemba 1903, na mpaka leo Wabrazili hawataki kusikia neno hilo. Mimi simo. Ninachokiona ni kitu kingine: akina Wright walilinda kazi yao kwa hataza na kwa kesi mahakamani, naye ndege yake ya mwisho, Demoiselle, ya mwanzi na hariri, aliacha michoro yake ichapishwe atakaye aijenge. Hakutaka senti. Katika ufundi wetu huo ndio ukarimu wa juu kabisa, maana mafundi wengi wazee huenda kaburini na siri ya kukaza kamani.

Na hapo ndipo penye swali.

Tarehe 1 Novemba 1911, miaka mitano tu baada ya Bagatelle, Mtaliano Giulio Gavotti alidondosha kwa mkono mabomu madogo kutoka kwenye ndege yake, karibu na Tripoli, juu ya Waislamu waliokuwa wakiipigania nchi yao. Ndilo bomu la kwanza la ndege duniani. Kwetu Mafia vita vya Mjerumani vilituletea ndege kabla hatujawa na barabara. Waingereza waliitwaa kisiwa Januari 1915, wakasafisha uwanja, na Julai ile ndege zao zikawa zinavuka mkondo kwenda juu ya mikoko ya Rufiji, ambako manowari Königsberg ilikuwa imejificha. Iliyoiua manowari siku ya tarehe 11 ni mizinga ya meli mbili za Kiingereza zilizokuwa hazioni zinapopiga. Ndege ilikuwa jicho. Inaona kombora limeanguka wapi, inapeleka habari kwa redio, mzinga unasahihishwa. Bibi yangu aliita sauti hiyo "cherehani ya mbinguni." Na puto nalo, kazi ya kwanza ya Mbrazili, nusura litufikie: Novemba 1917 Wajerumani walirusha L59 kutoka Jamboli, Bulgaria, limebeba silaha na dawa za jeshi lao la huku Afrika Mashariki, hata ngozi yake imekusudiwa kushonwa mahema likisha tua. Lilifika Sudan, upande wa Khartoum, likaamriwa kwa redio lirudi.

Yeye alikuwa ameacha kuruka tangu 1910, anaumwa. Vita vilipoanza 1914 alikuwa anaishi pwani ya Ufaransa na darubini yake ya kutazama nyota, majirani wakamshuku ni jasusi wa Kijerumani, polisi wakampekua. Baadaye wakamwomba radhi, lakini yeye kwa hasira alichoma karatasi zake. Akarudi kwao. Petrópolis alijenga nyumba ndogo mlimani ambayo ngazi yake ya nje imekatwa vidato nusunusu, huwezi kuipanda ila uanze na mguu wa kulia. Nilipoisoma hiyo nilimwambia mke wangu, naye akasema, basi huyo mtu alikuwa anakaribia kusilimu.

Januari 1926 aliliandikia Shirikisho la Mataifa, lile la Geneva, akitaka ndege zipigwe marufuku kutumiwa kama silaha. Desemba 1928, meli yake ilipokuwa inaingia Rio de Janeiro, ndege ya majini iliyopewa jina lake iliruka kumlaki, ikaanguka mbele yake, wakafa wote waliokuwamo. Akafuatana na mazishi. Julai 1932 jimbo la São Paulo likainuka dhidi ya serikali, na serikali ikatumia ndege. Alikuwa Guarujá, katika hoteli ya ufukweni, mgonjwa wa mwili na wa moyo, na ndege hizo zikapita juu. Tarehe 23 alijitoa uhai. Ilikuwa siku tatu baada ya kutimiza miaka 59. Kwa miaka mingi nchi yake ilificha alivyokufa. Sina la kumhukumu kwa hilo. Mgonjwa aliyefika pale anahukumiwa na Mwenye kumjua, si na fundi wa saa.

Lakini je, mzigo wa mabomu aliojibebesha ulikuwa wake? Mtengenezaji anaandikiwa alichokitenda mtumiaji?

Nisingeuliza kama swali lingekuwa lake peke yake. Nilikuwa na kijana mezani kwangu, mwanagenzi, mikono yake myepesi kuliko yangu nilipokuwa na umri wake. Kuna siku jirani alipoteza ufunguo wa kufuli ya duka, nami nikachukua kipande cha kamani ya saa ya ukutani, chuma kisichokubali kukunjika, nikakisugua kwenye jiwe mpaka kikawa chembamba kama ulimi wa kenge, nikaifungua ile kufuli watu wamesimama. Wakapiga makofi. Nikakiwekea kishikio cha mpingo, nikakihifadhi kwenye mtoto wa meza, na kila aliyepoteza ufunguo mtaani akawa anakuja kwangu. Sikuwatoza. Kijana alikisoma kile kifaa kama wanafunzi wanavyosoma ubao. Mara mbili aliniuliza, "Mzee, na kufuli hizi kubwa za mama ntilie inafungua?" Mara ya kwanza nilisema ndiyo. Mara ya pili nilimwonyesha.

Unajua kilichofuata. Mama anayepika wali na maharage kona ya mtaa wetu aliamka akakuta kibanda chake kiko wazi, hakuna kitu kilichovunjwa, masufuria makubwa matatu hayapo, gunia la mchele halipo, mtungi wa gesi haupo. Kijana hakuonekana tena. Kwenye mtoto wa meza yangu kifaa kilikuwapo. Alikuwa ametengeneza chake.

Nilimnunulia yule mama masufuria mawili. Nilimwambia ni sadaka. Akanishukuru machozi yakimlengalenga, na tangu siku hiyo kila asubuhi ananiletea chai ya tangawizi bila malipo, na kila kikombe kinanishuka kama dawa ya mwarobaini.

Nikamwendea ustadhi wa msikiti wetu baada ya alasiri. Nilianza na Mbrazili. Nilieleza yote, Paris, Tripoli, Guarujá, nikauliza hukumu ya dini kwa mtu aliyebuni kitu chema kikatumiwa kwa shari. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Fundi, huyu Mbrazili ana meza hapa Kariakoo?"

Nikamweleza na la pili.

Alinikumbusha kisa cha Habil na Kabil, na mafundisho tunayoyajua wote, kwamba kila anayeuawa kwa dhuluma sehemu ya mzigo inamrudia yule wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyefungua njia. Nikasema, basi nimekwisha. Akatikisa kichwa. Kabil hakubuni jiwe, alisema. Mawe yalikuwapo. Alichokianzisha ni kumwinulia ndugu yake. Aliyebuni ndege hakumwinulia mtu. Aliyemwinulia ni yule aliyedondosha bomu la kwanza, na njia hiyo imeandikwa kwa jina lake.

Nikahisi mwanga. Lakini ustadhi wetu ni mtu wa fikihi, hakuachi uondoke na mwanga nusu. Akaniuliza kama najua wanachuoni wa madhehebu yetu wanasema nini juu ya muuza zabibu. Muuza zabibu hana lawama kwa ulevi wa mjini. Lakini akijua kwamba huyu aliyesimama mbele yake atakwenda kuzigeuza mvinyo, kumuuzia ni haramu, na akishuku tu, basi ni makuruhu. Zabibu ni zilezile. Kilichobadilika ni anachokijua muuzaji. "Wewe," akasema, "ulipoulizwa mara ya pili, hukujua?"

Sikujibu, naye hakungoja jibu.

Nilirudi kwenye kitabu usiku ule nikitafuta mahali Mbrazili alipoulizwa mara ya pili. Nimezoea kuona watu wakimweleza kama mtoto asiye na hatia aliyeporwa kichezeo na majenerali, nami pia nilitaka awe hivyo. Siyo hivyo. Tarehe 14 Julai 1903, sikukuu ya Wafaransa, jeshi likiwa limejipanga Longchamp kwa gwaride, alitokea juu yake na puto namba 9, akapiga risasi 21 hewani kwa bastola kumsalimu rais. Umati ukaenda wazimu. Kisha akaiandikia wizara ya vita ya Ufaransa akiweka maputo yake chini ya amri yao endapo vita vitatokea, dhidi ya nchi yoyote. Aliweka sharti moja tu: isiwe dhidi ya mataifa ya Amerika zote mbili, ya kaskazini na ya kusini.

Nilisoma sharti hilo mara nyingi. Mtu anayeandika sharti hilo anajua anachokiuza. Ameona mapema kwamba kitaangukia watu, akawatoa watu wa kwao, na waliobaki, sisi wa Tripoli na wa Rufiji na wa popote, hakututoa. Hakuwa katili. Alikuwa amesikia makofi. Nayajua makofi hayo. Mimi nilipigiwa na watu kumi na wawili mbele ya duka moja, yeye alipigiwa na jeshi zima, na utamu wake ni mmoja. Nilipomwonyesha yule kijana mara ya pili sikuwa namfundisha wizi. Nilikuwa nataka aseme, "Mzee, wewe ni kiboko," na alisema.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema hana hatia, wala na yeye mwenyewe alivyojihukumu Guarujá. Ndege iliyojiinua Bagatelle haikumwandikia kitu. Kama angekubali kuandikiwa kila bomu, basi ilibidi pia aandikiwe dada yangu, aliyetolewa kwetu Kilindoni usiku mmoja wa masika kwa ndege ndogo, mtoto amekaa vibaya tumboni, akafika Dar es Salaam kwa muda ambao jahazi lingekuwa bado linangoja maji yajae. Dada yuko hai, na huyo mtoto sasa anauza simu. Hakuna anayeliweka hilo kwenye mizani ya Mbrazili, wala yeye hakuliweka. Yake hasa ilikuwa barua moja, ukurasa mmoja, ya mtu mwenye miaka 29 na siku kadhaa kufika 30, aliyelewa sifa. Barua ya 1926 ilikuwa jibu la hiyo ya 1903, hata kama hakuitaja. Toba ilikuwapo. Ila nilivyomwelewa, aliendelea kuhesabu hata yasiyokuwa yake, na mzigo wa namna hiyo hauna mahali pa kuutulia. Na Mungu anajua mipango yake: Amerika ile aliyoitoa ndiyo ndege zilipomkuta, ndugu kwa ndugu, juu ya ufukwe wake mwenyewe.

Moyo wake Wabrazili wanao mpaka leo. Daktari aliyeutunza mwili aliuchukua kwa siri, na sasa umehifadhiwa katika makumbusho ya jeshi la anga mjini Rio, ndani ya tufe la dhahabu. Ya jeshi la anga. Sijui aliyechagua mahali hapo alifikiria nini.

Ustadhi aliniambia jambo moja zaidi nilipokuwa navaa viatu. Haki ya Mwenyezi Mungu utaitubia msikitini, alisema, lakini haki ya mja haimaliziki mpaka umkabili mja mwenyewe. Na yale masufuria, fundi, usiyaite sadaka. Deni likiitwa sadaka linabaki deni.

Nilikaa na neno hilo miezi miwili. Kile kifaa cha kamani nilikivunja kwa koleo vipande vitatu, kazi ya dakika moja, nikajiona nimefanya jambo kubwa. Juzi asubuhi mama akaja na kikombe changu mkono mmoja na mfuko wa plastiki mkono wa pili. Ndani ya mfuko kufuli mpya, ya shaba, nzito kama jiwe la kusagia, bado iko kwenye kadi yake.

"Mzee wangu," akasema, "nimeambiwa hii haifunguki. Wewe ndiye mwenye macho. Hebu niangalizie."

Nikaishika. Nikabana lenzi jichoni, nikatazama ndani ya tundu la ufunguo, nikaona pini zake zilivyopangwa, tano, na moja fupi kuliko zote. Nikaivua lenzi. Kikombe cha chai kilikuwa kinafuka mvuke kati yetu, juu ya kile kitambaa.

"Vuta kile kigoda, mama," nikamwambia. "Keti kwanza."